Prufu ya skrini: Jinsi ya kuikagua picha nyeusi na nyeupe kabla wino haujagusa karatasi

PICHA ya mzee aliyevaa koti jeusi, iliyopigwa studio miaka ya 1950 na kukaa miongo mingi ndani ya albamu ya familia, inapoingizwa kwenye kompyuta kwa skana huonekana kana kwamba imepata uhai mpya. Kwenye skrini mikunjo ya koti inahesabika, nywele zinatengana na pazia la nyuma, na macho yanatazama. Wajukuu wanakubaliana ichapishwe kubwa, itiwe fremu na kutundikwa sebuleni. Karatasi nzuri inanunuliwa, printa inanguruma kwa dakika kadhaa, na kinachotoka ni kitu kingine kabisa. Koti limekuwa doa moja jeusi lisilo na mikunjo, upande wa uso uliokuwa kivulini umeungana na koti, na picha nzima ina ukijani wa mbali ambao hakuna aliyeuomba.

Kosa la kwanza linalofanywa na wengi hapo ni kuilaumu printa. La pili ni kuongeza mwanga wa picha kwa kukisia, kuchapisha tena, kukisia tena, mpaka karatasi ya nne au ya tano inaishia kwenye kapu la taka na katriji ya wino mweusi inakauka. Ipo njia ya kuyaona matokeo hayo mapema, kabla ya kutumia hata tone moja la wino. Njia hiyo ni prufu ya skrini.

Neno prufu si geni katika nyumba za uchapishaji. Ni nakala ya majaribio ambayo mwandishi au mhariri huikagua kabla mtambo haujaanza kutoa maelfu ya nakala. Prufu ya skrini ni nakala ya namna hiyo isiyo na karatasi. Programu ya kompyuta hukokotoa jinsi picha itakavyoonekana ikichapishwa kwa printa fulani, kwa wino fulani, kwenye karatasi fulani, kisha huilazimisha skrini kuigiza karatasi hiyo. Faili la picha halibadiliki. Kinachobadilika ni namna ya kulitazama, kama mtu aliyevaa miwani ya rangi anavyouona ukuta ule ule kwa sura nyingine.

Skrini na karatasi

Chanzo cha tatizo ni fizikia. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, ilhali karatasi huazima mwanga wa chumba na kuurudisha sehemu tu. Katika skrini nyingi za leo, weupe huuzidi weusi kwa mwanga mara 1,000 hivi. Karatasi haifiki huko hata kwa mbali.

Wachapaji hupima weusi kwa kipimo kiitwacho densiti. Karatasi nzuri ya kung'aa, yenye wino wa kisasa, hufikia densiti ya 2.3 hivi, maana yake sehemu nyeusi kabisa bado inarudisha takribani nusu ya asilimia moja ya mwanga unaoipiga. Karatasi isiyong'aa, ile yenye uso kama wa kitambaa inayopendwa kwa picha za sanaa, huishia karibu na 1.6, na weusi wake hurudisha kama asilimia 2.5. Ikichukuliwa kwamba sehemu nyeupe ya karatasi hurudisha asilimia 90, basi kwenye karatasi ya kung'aa weupe huuzidi weusi mara 180, na kwenye isiyong'aa mara 36 tu. Madaraja yote ya kijivu yaliyokuwa yamejinyoosha kwa raha kwenye skrini yanatakiwa kubanana ndani ya nafasi hiyo finyu. Yanayoumia zaidi ni yale ya chini, yaliyo jirani na weusi.

Kwa picha ya rangi, macho husamehe mengi. Gauni jekundu likififia kidogo bado ni gauni jekundu, na anga ya buluu hubaki anga. Picha nyeusi na nyeupe haina pa kujificha, kwa sababu mzigo wote umebebwa na tofauti ya daraja moja la kijivu na jingine. Isitoshe, jicho la mwanadamu ni kali mno katika kugundua rangi ngeni ndani ya kijivu. Printa inayotengeneza kijivu kwa kuchanganya wino wa samawati, wa waridi na wa manjano inahitaji kukosea kidogo tu ili picha ielemee ukijani au uzambarau. Hapo ndipo mtu hujikuta akisema kuna kitu hakiko sawa, hata kama hawezi kukitaja.

Mashine ya prufu iliyogeuka mashine ya sanaa

Historia ya uchapaji huu ina kichekesho chake. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash, mzaliwa wa Uingereza na mmoja wa kundi la Crosby, Stills & Nash, alifungua pamoja na Mac Holbert nyumba ya uchapishaji iliyoitwa Nash Editions huko Manhattan Beach, California. Mtambo wao ulikuwa printa ya kunyunyiza wino ya Iris 3047, iliyogharimu dola 126,000 za Marekani. Printa hiyo haikuundwa kwa ajili ya sanaa. Iliundwa kutoa prufu kwa viwanda vya uchapaji, yaani karatasi za kukaguliwa kisha kutupwa. Nash, ambaye pia ni mpiga picha, aliitaka kwa ajili ya picha zake nyeusi na nyeupe. Printa hiyo sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, chini ya taasisi ya Smithsonian.

Mwaka 1993 kampuni nane, zikiwamo Adobe, Agfa, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda muungano wa kimataifa wa rangi unaojulikana kwa kifupi kama ICC. Kazi yake ilikuwa kuweka lugha moja ambayo kamera, skana, skrini na printa zingeitumia kuelezana rangi. Matunda yake ni profaili, faili dogo linaloeleza tabia ya kifaa: ukikipa namba fulani, kitatoa rangi gani hasa. Bila profaili hakuna prufu ya skrini, kwa maana programu isingekuwa na cha kukokotoa.

Programu ya Photoshop iliweka uwezo huo mikononi mwa wapiga picha wa kawaida katika toleo lake la sita, mwaka 2000. GIMP, ambayo hupatikana bila malipo, ilifuata katika toleo la 2.4 la mwaka 2007, na Lightroom ikapata uwezo huo katika toleo la nne, mwaka 2012. Kwa upande wa wino, Mmarekani Jon Cone alileta mfumo wa Piezography mwaka 2000, unaojaza printa wino wa kijivu wa madaraja mbalimbali badala ya rangi. Mwaka 2005 kampuni ya Epson ikatoa Stylus Photo R2400, iliyokuwa na wino wa aina tatu za weusi kwa wakati mmoja, na tatizo la ukijani likapungua sana kwa wenye mashine za aina hiyo. Printa nyingi za bei ya chini bado zina wino mweusi wa aina moja tu, na hizo ndizo zinazohitaji kukaguliwa kwa uangalifu zaidi.

Maandalizi ya skrini

Prufu ni shahidi, na shahidi hufaa tu akiwa mkweli. Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwanga mkali wa kuvutia wateja dukani. Mtu anayetengeneza picha mbele ya skrini kali mno huiona picha ni angavu, hivyo huipunguza mwanga bila kujua, na karatasi hutoka giza. Malalamiko ya kwamba picha zilizochapishwa ni nyeusi mno hutokana na jambo hili mara nyingi kuliko na hitilafu ya printa.

Kwa kazi ya kuchapa, weupe wa skrini hushushwa hadi kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Namba hiyo haipatikani kwa macho. Kinahitajika kifaa kidogo kinachoning'inizwa mbele ya kioo cha skrini, ambacho husoma mwanga na rangi zinazotolewa kisha programu yake huandika profaili ya skrini hiyo. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya mwezi mmoja hivi, maana skrini huchakaa. Asiyeweza kununua anaweza kuazima, au kadhaa wakachangia kimoja. Programu za bila malipo za kukiendesha zipo, mojawapo ikiwa ArgyllCMS.

Aina ya skrini nayo ina neno lake. Kompyuta nyingi za mkononi za bei nafuu zina skrini ambazo weusi wake hugeuka kijivu mtazamaji akiinamisha kichwa kidogo. Kwenye skrini ya namna hiyo prufu hubadilika kila mtu anapojisogeza kitini, na haina thamani. Skrini zilizoundwa kwa teknolojia ya IPS hustahimili zaidi kutazamwa kwa pembe mbalimbali.

Chumba kiwe na mwanga wa wastani usiobadilika. Dirisha lililo nyuma ya mtazamaji huchora sura yake juu ya skrini, na fulana nyekundu aliyovaa hufanya vivyo hivyo, tena kwa siri zaidi.

Kuiwasha prufu

Hatua ya kwanza ni kupata profaili ya karatasi. Watengenezaji wa karatasi za picha huziweka kwenye tovuti zao bila malipo, moja kwa kila printa na kila aina ya karatasi. Profaili ya karatasi ya kung'aa haiwezi kutumika kwa isiyong'aa. Tena printa nyingi za kitaalamu zina wino mweusi wa aina mbili, mmoja kwa ajili ya karatasi za kung'aa na mwingine kwa zisizong'aa. Aliyekosea wino hupata weusi uliofifia kama masizi yaliyofutwa kwa kitambaa, na hakuna profaili itakayomwokoa.

Hapa kuna jambo linalowahusu wengi katika miji ya Afrika Mashariki. Profaili ya mtengenezaji hupimwa kwa wino halisi wa kiwanda. Printa iliyojazwa wino wa bei nafuu wa chupa, au iliyofungiwa matangi ya pembeni yenye wino wa kampuni nyingine, si printa ile tena mbele ya macho ya profaili. Prufu itaonyesha kijivu safi, na karatasi itatoka na zambarau. Si lazima kuacha wino wa bei nafuu, lakini lazima kutengenezewa profaili yake: huchapishwa karatasi yenye mamia ya miraba ya rangi, ikapimwa kwa kifaa maalumu, na faili jipya likaandikwa. Gharama yake hulipwa mara moja, lakini karatasi zinazoharibika kwa kukosa profaili hulipiwa kila siku.

Ndani ya Photoshop, amri inayohusika iko chini ya menyu ya View, nayo huitwa Proof Setup. Mtumiaji huchagua profaili ya karatasi, kisha huhakikisha kwamba kisanduku cha kuhifadhi namba za RGB hakina alama. Kikiachwa na alama, programu huonyesha picha kana kwamba imetumwa kwenye printa bila kutafsiriwa, na matokeo yake huwa kituko kisichohusiana na kitakachotoka. Njia ya kutafsiri inayofaa picha nyingi nyeusi na nyeupe ni ile iitwayo Relative Colorimetric, pamoja na fidia ya weusi. Njia hiyo hulinganisha weupe wa picha na weupe wa karatasi, na weusi wa picha na weusi ambao karatasi inaumudu, kisha hupanga madaraja yaliyobaki katikati.

Mpaka hapo mabadiliko kwenye skrini ni madogo, na wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kiini cha kazi kiko kwenye visanduku viwili vya chini. Simulate Black Ink huonyesha weusi halisi wa karatasi, na Simulate Paper Color huongeza juu yake rangi ya karatasi yenyewe, kwa maana karatasi nyingi si nyeupe kabisa: nyingine zina umanjano kama wa krimu, nyingine ubuluu. Visanduku hivyo vikitiwa alama, picha hufifia ghafla. Weusi hugeuka kijivu kizito, weupe huchafuka, na mtengenezaji huhisi ameporwa kazi yake.

Mshtuko huo ndio huwafanya watu wazime prufu na kuchapisha kwa imani. Wataalamu wengi hushauri jambo linalochekesha lakini la kweli: mtu atazame pembeni wakati anaweka alama, asubiri sekunde chache, ndipo arudishe macho. Jicho hupima weupe kwa kulinganisha. Likiona picha ikibadilika, hukumbuka weupe wa awali na kuukataa mpya. Likikuta picha imeshabadilika, hujizoesha, sawasawa na linavyojizoesha karatasi iliyotundikwa ukutani. Kwa sababu hiyo hiyo madirisha meupe ya programu, vibao vya zana na pembezoni angavu hufichwa, picha ikabaki peke yake juu ya kijivu. Weupe wowote ulio mkali kuliko karatasi iliyoigizwa huifanya karatasi ionekane chafu.

Nafasi ya uso kwenye ngazi ya kijivu

Vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havikutilia maanani jambo moja ambalo kwa msomaji wa huku ni la msingi. Mpiga picha Ansel Adams, aliyebuni pamoja na Fred Archer mfumo wa kugawanya mwanga wa picha katika kanda 11, kuanzia sifuri ya weusi mtupu hadi kumi ya weupe mtupu, aliiweka ngozi ya Mzungu katika kanda ya sita na ngozi nyeusi katika ya tano. Hizo ni kanda za upande wenye mwanga. Upande wa kivuli hushuka kanda mbili au zaidi. Uso mweusi uliopigwa kwa mwanga wa dirisha la ubavuni, basi, una nusu yake katika kanda ya tatu na hata ya pili.

Hilo ni eneo lile lile ambalo karatasi isiyong'aa hulibana zaidi. Kwa picha ya Mzungu, kinachopotea hapo ni mikunjo ya suti. Kwa picha ya Mwafrika, kinachopotea ni shavu, mfupa wa taya, na pengine jicho moja. Mtengenezaji anayefuata maelekezo ya jumla ya kuongeza weusi ili picha iwe na nguvu hufuta sura ya mtu.

Prufu ya skrini huionyesha hasara hiyo wazi, na hapo ndipo inapolipa gharama zake. Kinachofanyika ni kufungua picha katika madirisha mawili, moja likiwa na prufu na jingine bila prufu, na kuyaweka sambamba. Dirisha lisilo na prufu ni kumbukumbu ya nia, na la prufu ni hali halisi. Marekebisho hufanywa kwenye tabaka la pekee juu ya picha, macho yakiwa kwenye dirisha la prufu, mpaka lile la hali halisi lisogee karibu na la nia kadiri karatasi inavyoruhusu. Kwa kawaida kinachohitajika ni kuinua madaraja yaliyo juu kidogo ya weusi, yale yenye shavu la kivulini, huku weusi wenyewe ukiachwa chini kabisa. Kuinua vyote pamoja hakusaidii, kwa sababu picha hupata ukungu na shavu hubaki limeungana na koti.

Kuna kosa la upande wa pili. Mtu aliyekuwa mweusi ti, akiinuliwa kupita kiasi ili kila kinyweleo kionekane, hutoka na ngozi ya rangi ya majivu. Wanaomfahamu wataikataa picha hiyo hata kama kitaalamu ina madaraja yote. Hakuna kipimo cha mashine kinachoamua hapo. Huamua jicho la mtu anayeijua sura, na kama ndugu yupo, ni busara kumketisha mbele ya prufu kabla ya kuchapisha.

Kwamba madaraja ya kijivu hubadilisha maana ya picha, ushahidi upo katika kazi za Seydou Keïta wa Mali. Keïta alifungua studio mjini Bamako mwaka 1948, na nakala alizowapa wateja zilikuwa ndogo, nyingi zikiwa za sentimita 13 kwa 18, zilizochapishwa kwa kugusanisha negativu na karatasi. Miaka ya 1990 negativu hizo zilichapishwa upya kwa ukubwa wa kutundikwa makumbusho, kwa kemikali za chumba cha giza na si kwa wino. Nakala hizo mpya zilikuwa na weusi mzito na tofauti kali, mbali na ulaini wa nakala za awali. Zilimpatia umaarufu wa dunia kabla ya kifo chake mwaka 2001, na zikaibua mjadala miongoni mwa wachambuzi juu ya ipi hasa ni picha ya Keïta. Mwenye kuchapa upya picha za zamani za pwani, ziwe za nyumbani au za studio zilizojijengea jina kama Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, anakabiliana na swali hilo hilo. Kama nakala ya awali ipo, iwekwe pembeni ya skrini, kwa maana ndiyo pekee inayoeleza aliyeipiga alitaka nini.

Mtego wa njia ya nyeusi na nyeupe

Printa nyingi za kitaalamu zina njia maalumu ya kuchapa picha zisizo na rangi, ambapo mashine hutumia zaidi wino wake mweusi na wa kijivu na kugusa rangi kidogo mno. Matokeo huwa safi, bila ukijani, na hubadilika kidogo mno picha inapotolewa kwenye mwanga wa taa na kupelekwa dirishani. Tatizo ni kwamba njia hiyo hupita kando ya profaili. Prufu iliyotengenezwa kwa profaili ya rangi ya karatasi ile ile itakuwa inaeleza safari ambayo picha haitasafiri.

Watumiaji wengi hawalijui hilo, na hushangaa kwa nini prufu yao haikubaliani na karatasi wakati kila hatua imefuatwa. Anayetaka prufu ya kuaminika ana njia mbili. Ama achapishe kwa profaili ya kawaida ya rangi, akikubali hatari ya kijivu kuelemea rangi, ama ajitengenezee profaili ya kijivu ya njia ile maalumu. Kwa njia ya pili huchapishwa ngazi ya miraba 21, kutoka weupe hadi weusi kwa hatua za asilimia tano, kila mraba ukapimwa, na namba zake zikageuzwa kuwa profaili. Programu ya QuadTone RIP ya Roy Harrington huja na zana ya kazi hiyo.

Mtego mwingine umo ndani ya Photoshop yenyewe. Picha inayogeuzwa kuwa ya kijivu pekee hupewa kipimo cha kijivu ambacho, katika mipangilio ya kawaida ya programu hiyo, mara nyingi ni kile cha Dot Gain 20%, kilichokusudiwa mitambo mikubwa ya uchapaji wa magazeti na majarida. Kwa printa ya wino, kinachofaa ni Gray Gamma 2.2, au kuiacha picha katika RGB ikiwa na namba tatu zilizo sawa.

Mambo ambayo prufu haiyaoni

Prufu haijui uso wa karatasi. Haiwezi kuonyesha ung'avu, wala mng'ao wa shaba unaojitokeza kwenye sehemu nyeusi za baadhi ya karatasi za kung'aa zinapotazamwa kwa upande. Haiujui pia mwanga wa sebuleni. Profaili hupimwa kwa kuchukulia mwanga wa kawaida wa wachapaji uitwao D50, unaofanana na wa mchana, ambapo taa ya manjano ya nyumbani hubadilisha kijivu cha wino wa rangi kwa namna ambayo skrini haikuitabiri. Karatasi zilizotiwa kemikali za kung'arisha weupe huonekana na ubuluu karibu na dirisha, na ubuluu huo hutoweka chini ya balbu.

Kwa hiyo kipande cha majaribio bado kina kazi yake, kama kilivyokuwa nayo chumbani mwa giza. Hukatwa eneo dogo lenye uso, koti na sehemu nyeupe kidogo, likachapishwa kwenye robo ya karatasi ile ile itakayotumika. Kando yake huwekwa miraba midogo ya weusi, kuanzia namba 0 ya RGB kupanda kwa mbili mbili hadi 30. Mraba wa kwanza unaotofautiana na jirani yake kwa macho ndio mpaka wa printa hiyo kwenye karatasi hiyo, na chochote cha thamani kilicho chini ya namba hiyo kwenye picha kinapaswa kuinuliwa juu yake.

Kipande hicho kisihukumiwe kikiwa kibichi. Wino huendelea kutulia kwa saa kadhaa baada ya kutoka mashinani, na katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi ni salama kungoja hadi siku ya pili. Kitazamwe mahali picha itakapotundikwa, saa ambayo watu huketi hapo, si chini ya taa ya kazini. Kikikubalika, marekebisho yahifadhiwe kwenye tabaka lake kwa jina la printa, wino na karatasi iliyotumika, na faili la awali la skana libaki bila kuguswa. Karatasi ikibadilishwa, hata kama ni ya kiwanda kile kile, huwekwa profaili nyingine na kazi mbele ya skrini huanza upya.